Baba Yetu Alikuwa Mtu wa Chini: Kumbukumbu za Uwanja wa Ndege wa Kengere

Mara nyingi gazeti letu hili linazungumza juu ya watoto, shule, chakula na afya ya nyumba. Wiki hii tunaomba nafasi tuzungumze juu ya baba. Sisi ni mabinti watatu wa mzee mmoja wa hapa Kolwezi, na sote ni wanachama wa kikundi. Baba yetu hakuwa mwanajeshi wa kushika bunduki, wala hakuwa rubani. Alikuwa mfanyakazi wa uwanja wa ndege wa Kengere wakati wa vita vya Katanga. Alibingirisha mapipa ya mafuta, alisukuma ndege, aliweka vizuizi mbele ya matairi. Kwa miaka zaidi ya hamsini hakutuambia neno. Alianza kusema alipokuwa mzee, macho yake yakiwa yamepungua nguvu, na hata hapo alisema kidogo kidogo.

Tunaandika kwa sababu tunajua hatuko peke yetu. Katika kambi za zamani za Union Minière, Musonoi na kwingineko, ziko nyumba nyingi zenye mzee wa namna hiyo, au mjane wake. Watoto waliozaliwa wakati wa uhuru sasa wanavuka miaka sitini. Wale waliofanya kazi yenyewe wamebaki wachache sana.

Vita vile vilikuwa nini

Kwa vijana wetu tueleze kwa ufupi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga, na makao yake yakawa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Katanga ikatengeneza bendera yake yenye misalaba mitatu ya shaba, ile misalaba ambayo wahenga wetu walitumia kama fedha. Ikawa na jeshi lake, na jeshi hilo likawa na ndege.

Ndege hizo hazikuwa nyingi. Mwanzoni mwa 1961 zililetwa ndege tatu za Fouga Magister, ndege ndogo za jeti zilizotengenezwa Ufaransa kwa ajili ya kufundishia marubani. Kufikia Septemba 1961 ilibaki moja tu inayoweza kuruka. Hiyo moja ilisumbua sana. Iliwashambulia askari wa Ireland wapatao 150 waliozungukwa Jadotville, yaani Likasi, na ikachoma ndege za usafiri za Umoja wa Mataifa zikiwa zimesimama chini. Kituo chake kilikuwa hapa kwetu, Kolwezi. Marubani walikuwa wazungu. Mafundi wakubwa nao walikuwa wazungu. Lakini uwanja hauendeshwi na rubani na fundi peke yao, na hapo ndipo baba yetu alipopata kazi.

Alikuwa kijana aliyetoka kijijini upande wa Mutshatsha, hana mke bado, anatafuta mshahara. Mtu wa ukoo alimwambia kwamba Kengere wanachukua vijana wenye nguvu. Akaenda. Hakuulizwa kama anapenda Katanga au anapenda Kongo. Aliulizwa kama anaweza kubingirisha pipa la lita 200.

Kazi ya watu wa chini

Tulipomuuliza cheo chake, alicheka. Akasema, “Miye nilikuwa mutu wa chini.” Maana yake ni wale wanaobaki chini ndege inaporuka. Akaongeza, “Rubani anaona mawingu. Sisi tuliona matairi.”

Tulidhani kazi hiyo ni ya kubeba mizigo tu. Kumbe ilikuwa na elimu yake. Fouga ilitumia mafuta ya taa ya ndege, na zile Harvard zenye panga mbele, zilizoletwa baadaye, zilitumia petroli. Mtu akikosea pipa, ndege inaweza kuzima angani. Tena wakati wa mvua, maji huingia ndani ya mapipa yaliyolala nje. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hushuka chini. Ilibidi pipa lisimamishwe litulie, kisha mafuta yavutwe kwa pampu ya mkono kutoka juu, yapitishwe katika ngozi laini inayozuia maji. Baba alisema ni sawa na mama anayechekecha unga wa bukari: ukiharakisha, uchafu unapita.

Asubuhi, kabla ya jua kupanda, walitembea kwenye njia ya kurukia wakiokota mawe. Jiwe dogo likiingia katika injini ya jeti linaiharibu. Walifunika ndege kwa matawi ili zisionekane kutoka juu. Walificha mapipa ya mafuta porini, hapa machache, pale machache, ili yasiteketee yote pamoja. Ndege ilipokuwa inaondoka, wao ndio waliotoa vizuizi kwenye matairi na kukimbia pembeni. Iliporudi, wao ndio waliohesabu matundu ya risasi kabla ya fundi kufika.

Halafu walikuwa wanangoja. Baba alisema kungoja ndiko kulikochosha. Ndege imeondoka, wewe hujui imekwenda wapi, hujui itarudi saa ngapi, na mzungu hakuambii kitu. Unakaa kivulini, unasikiliza.

Siku ndege za wengine zilipokuja

Baada ya ile Fouga moja kusumbua, Umoja wa Mataifa, ONU kama wazee wanavyosema, ulileta ndege za vita. Zilikuja Canberra kutoka India, Sabre kutoka Ethiopia, na ndege za Saab kutoka Sweden ambazo Waswidi wenyewe waliziita “pipa” kwa sababu ya unene wake. Baba alipenda habari hiyo tulipomsomea. Akasema, “Basi hata wao walikuwa na mapipa.”

Mnamo Desemba 1961 Canberra za India zilifika juu ya Kolwezi na kuupiga uwanja. Ndege kadhaa ziliharibiwa zikiwa chini. Baba alikuwa karibu na mapipa. Alikimbilia mtaro wa maji ya mvua na kulala ndani yake, uso kwenye matope. Alisema sauti ilikuja baada ya risasi, wala haikutangulia. Alipoinuka aliona moshi mweusi na hakusikia kitu kwa sikio la kushoto. Sikio hilo halikupona. Sisi tangu utoto tulijua kwamba ukitaka kusema na baba lazima ukae upande wa kulia, lakini hatukujua sababu.

Katanga ilijenga tena jeshi lake la anga mwaka 1962, hasa kwa zile Harvard. Desemba mwaka huo vita vikarudi. Tarehe 29 Desemba 1962 Saab za Sweden ziliupiga tena uwanja wa Kengere. Zilikuwa zinatoka Kamina, kule ambako Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo kikubwa cha ndege kabla ya uhuru. Huko Kamina nako kulikuwa na watu wa chini, waliotia mafuta na kupakia risasi, baba za watoto wengine. Nao bila shaka walikaa kivulini wakisikiliza kama ndege zao zitarudi.

Januari 1963 mambo yaliisha haraka. Mji wetu ndio uliokuwa ngome ya mwisho. Palikuwa na vitisho kwamba mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, yaliyoitwa Delcommune na Le Marinel wakati ule, yatalipuliwa. Hayakulipuliwa. Tshombe akiwa hapa Kolwezi alikubali kumaliza kujitenga, na tarehe 21 Januari 1963 askari wa ONU waliingia mjini bila mapigano. Maaskari wengi wa Katanga, wale tunaowaita jandarma, walishika njia ya Dilolo wakavuka kwenda Angola. Rafiki wa baba waliyekuwa wakilala nyumba moja alikwenda nao. Alimwambia baba apande lori. Baba alikuwa amekwisha kutoa mahari kwa wazazi wa mama. Akabaki.

Mama na ile karatasi

Hapa tunafika kwenye sehemu ya mama, ambayo katika vitabu haimo kabisa.

Baba alipata kazi mgodini. Union Minière ikawa mali ya serikali mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na sisi tulizaliwa na kukua katika kambi, tukila posho na kusoma shule ya kampuni. Baba alikuwa na karatasi moja ya kazi yake ya Kengere, yenye muhuri wa Katanga. Mama aliiweka chini ya nguo, ndani ya sanduku la bati.

Wale jandarma waliovuka Angola hawakusahau kwao. Wengine walirudishwa jeshini Tshombe alipokuwa waziri mkuu mwaka 1964. Wakaasi huko Kisangani mwaka 1966 na 1967. Wengi wakajikuta tena Angola. Machi 1977 walivuka mpaka wakiwa chini ya chama cha FLNC cha Nathaniel Mbumba, wakashika Dilolo na Mutshatsha. Halafu Jumamosi, tarehe 13 Mei 1978, waliingia Kolwezi yenyewe.

Mkubwa wetu alikuwa na miaka 13. Anakumbuka tulivyolala chini ya kitanda, tukinywa maji ya ndoo moja kwa zamu. Uwanja wa ndege ulikuwa kati ya vitu vya kwanza kushikwa, na ndege za jeshi la Zaire zilizokuwepo ziliharibiwa. Tarehe 19 Mei, mchana, tuliona miavuli ya Wafaransa ikishuka. Watu walikufa kwa mamia katika wiki ile, weusi na weupe, na kila mtaa una makaburi yake.

Usiku mmoja katika siku hizo, mama alifungua sanduku la bati. Alijua kwamba serikali ikirudi itauliza nani aliwajua watu wa Angola, nani aliwapa chakula, nani aliwahi kuvaa muhuri wa Katanga. Akaitia ile karatasi katika mbabula, akapikia juu yake uji wetu. Hakumuuliza baba. Asubuhi alimwambia, naye baba akaitikia kwa kichwa tu.

Karatasi ile ndiyo ilikuwa ushahidi pekee wa miaka yake miwili. Kwa kuichoma mama aliokoa nyumba. Tangu siku ile, Kengere haikutajwa tena kwetu. Hatuandiki haya ili mama aonekane alikosa. Tunaandika ili muelewe kwa nini wazee wetu wengi wananyamaza. Ukimya wao ulikuwa namna ya kulinda watoto, kama vile mlango uliofungwa kwa komeo.

Swali lililomsumbua

Tulipoanza kumuuliza, tulidhani atasema juu ya hofu ya mabomu. Lakini jambo lililomsumbua lilikuwa lingine. Siku moja alituuliza sisi: “Yale mafuta niliyotia, yalikwenda kuchoma nani?”

Ni swali la kweli. Ndege za Katanga hazikupigana na ONU tu. Zilishambulia pia kaskazini ya Katanga, katika nchi za Baluba waliokataa kujitenga. Katika kikundi chetu hiki tunao wamama waliotoka pande hizo, na wazazi wao walikimbia ndege hizo. Tumekaa nao katika matanga, tumechanga nao likelemba, tumebebeana watoto. Kabla ya kuandika habari hii tulikwenda kwa mmoja wao, mama mtu mzima tunayemheshimu, tukamwambia wazi kazi aliyoifanya baba yetu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwamba mama yake aliwafundisha kulala kifudifudi wakisikia ndeke, na kwamba yeye mpaka leo ndege ikipita chini anaangalia mahali pa kujificha. Akasema tuandike, lakini tuandike na hilo. Basi tumeliandika.

Hatukumpa baba jibu. Tulimwambia tu kwamba tumesikia. Pengine mzee anayebeba jambo kwa muda mrefu hatafuti hakimu. Anatafuta mtu wa kubeba naye upande mmoja.

Wachoma makaa wa Ndola

Kuna mtu atauliza: maneno ya mbeba mapipa yana faida gani? Marubani wameandika vitabu, majenerali wameandika vitabu, inatosha.

Tutajibu kwa habari moja. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, alikuwa anakwenda kuonana na Tshombe huko Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ndege yake ilianguka msituni karibu na Ndola. Watu wote 16 waliokuwa ndani walikufa, mmoja wao baada ya siku chache hospitalini. Katika msitu huo walikuwako wachoma makaa, watu weusi maskini. Baadhi yao walisema waliona ndege nyingine au mwanga angani. Wakoloni waliofanya uchunguzi hawakuyatilia maanani maneno yao, wakasema ni kosa la rubani.

Miaka hamsini baadaye, watafiti walirudi kuwatafuta wale wazee vijijini na kuwasikiliza. Maneno yao yalisaidia kuufungua upya uchunguzi. Tangu mwaka 2015 ONU iliikabidhi kazi hiyo kwa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na katika taarifa zake suala la ndege za Katanga, zilikuwa wapi na nani alizirusha, limeulizwa tena na tena. Jambo lenyewe bado halijafungwa.

Baba yetu alisema usiku ule alikuwa amelala nyumbani, hakuona kitu. Tunamwamini. Lakini mnaona jinsi ilivyo: maneno ya watu wa chini yalidharauliwa, na nusu karne ikapita ndipo wakubwa wakaanza kuyatafuta. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Namna ya kuwauliza wazee wetu

Kwa wamama wenye mzee nyumbani, tunawapa yale yaliyotusaidia.

Kwanza, msianze na vita. Anzeni na kazi. “Baba, mlikuwa mnaamka saa ngapi? Mlikula nini? Nani alikuwa kapita wenu?” Mikono inakumbuka mapema kuliko mdomo.

Pili, mumuulize na mama. Yeye ndiye anayejua mshahara uliletwa siku gani, nani alikuja kulala nyumbani, kitu gani kilizikwa au kuchomwa.

Tatu, mkipata shida ya miaka, tumieni vitu vya nyumba. “Mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa? Ilikuwa kabla ya vita vya siku sita au baada?” Hapa kwetu kila mtu anajua vita vya 1978, kwa hiyo vinaweza kuwa kipimo.

Nne, andikeni siku hiyo hiyo, kwa daftari la shule, au rekodini kwa simu. Semeni jina la mzee, tarehe na mahali mwanzoni kabisa.

Tano, mzee akisema “yatosha”, acheni. Mpeni maji, ongeeni mambo mengine. Atarudi mwenyewe, na asiporudi, hiyo ni haki yake.

Sita, kabla ya kusoma maneno yake mbele ya watu, muulizeni kama anakubali. Tena fikirini ni nani atakayesikia. Habari ya baba mmoja inaweza kuwa kidonda cha mwingine. Hilo lisiwazuie kusema. Linawataka mseme kwa adabu.

Baba yetu alizikwa miaka michache iliyopita. Kwenye matanga mtu alisoma maisha yake: kijiji, ubatizo, mgodi, watoto, wajukuu. Tuliomba iongezwe sentensi moja, kwamba kutoka 1961 mpaka 1963 alifanya kazi katika uwanja wa ndege wa Kengere. Wazee wawili waliokaa nyuma waliinua vichwa. Baada ya mazishi walikuja kwetu, wakataka kujua alikuwa upande gani wa mapipa. Sasa daftari letu lina sauti tatu.

Mwenye mzee, au mwenye daftari, aje nalo katika mkutano wetu ujao. Tutakaa, tutasikilizana, na hakuna atakayelazimishwa kusema.